Kibao Kilichobaki Ukutani

Ndugu msomaji, wiki imekwisha. Umeamka leo bila kukimbilia basi, na bila kuulizwa na mkubwa wako wa kazi ulikuwa wapi. Yamkini gazeti hili unalisoma ukiwa barazani, kikombe cha chai mkononi, na watoto wanapita mbele yako wakigombania jambo lisilo na maana. Kama ndivyo, basi kaa hapo hapo ulipo. Jambo ninalotaka tulizungumze haliko mbali nawe. Limo humo humo nyumbani mwako, na kwa kuwa umelizoea, aghalabu hulitupii jicho.

Sisi wafanyakazi wa mijini tuna desturi ya kuhesabu siku kubwa tu. Twakumbuka siku ya harusi, siku ya msiba, siku mtoto alipofaulu mtihani na siku tulipohamia nyumba mpya. Lakini ukizihesabu vizuri, siku za namna hiyo katika maisha ya mtu hazifiki hata mia. Zilizobaki zote, maelfu kwa maelfu, ni siku za kawaida: siku za kuchambua mchele, kufua, kusuka nywele, kugombana kidogo na kupatana. Je, hizo hazina thamani? Mimi nilikuwa miongoni mwa wale wanaodhani kwamba hazina. Jumapili moja ya hivi karibuni ilinifundisha vingine, nayo ndiyo niliyokusudia kukusimulia.

NYUMBA YA MAREHEMU BABA

Nyumba yenyewe imo katika mtaa mmoja wa Temeke, Dar es Salaam. Ni nyumba ya Kiswahili kama zile unazozijua: mbele baraza, katikati ukumbi mrefu wenye vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na nyuma uani, penye jiko, bafu, choo na kamba za kuanikia nguo. Walioanza kujenga nyumba za namna hii walikuwa na busara yao. Baraza ni ya mgeni na mpita njia, na chumba ni cha mtu na siri zake. Lakini ukumbi na ua ni vya wote. Huwezi kutoka chumbani kwenda kunawa uso bila kupishana na mwenzako, wala huwezi kupishana naye bila kumwamkia. Kwa hiyo hata watu waliolala wamenuniana, nyumba yenyewe huwalazimisha kusemezana kabla ya chai.

Marehemu baba, aliyekuwa mfanyakazi wa bandarini, aliijenga kidogo kidogo. Alimaliza chumba kimoja, akakipangisha, na kodi yake ikanunua matofali ya chumba kingine. Leo anaishi humo dada yangu mdogo na wanawe, pamoja na shangazi yetu, ambaye umri wake umepita miaka 80. Kaka yetu mkubwa alifanya kazi Mwanza kwa muda mrefu, naye amerudi Dar es Salaam baada ya kustaafu. Mimi naishi upande mwingine wa jiji. Tumejiwekea ada kwamba Jumapili ya kwanza ya kila mwezi tukutane pale. Hapana kadi wala mchango. Kila mtu huja na alicho nacho: huyu nazi mbili, huyu fungu la mchicha, huyu samaki wa Feri.

Nikisema kweli, kwa miezi mingi nilikwenda kwa kutimiza wajibu tu. Nilifika, nikala, nikatazama saa, nikaaga.

WALI WA MKAA

Kuna raha ambazo haziuzwi dukani, nawe ndugu msomaji unazijua. Kuna harufu ya iliki inapochemka na majani ya chai. Kuna ubaridi wa sakafu ya saruji iliyotoka kupigwa deki, unapoikanyaga kwa miguu mitupu. Kuna maji ya nazi, ambayo hayajazi hata kikombe kimoja lakini hugombewa na watoto sita. Raha hizi ni ndogo mno hata mtu huona haya kuzitaja mbele ya watu, lakini mtu akiwa mbali na kwao, hizi ndizo anazozililia.

Dada yangu ana jiko la gesi, na siku za kazi hulitumia kwa kuwa ni la haraka na halina moshi. Lakini wali wa Jumapili hupikwa kwa mkaa. Sababu yake ni kwamba wali wa nazi hutaka kupaliwa, yaani kuwekewa makaa juu ya mfuniko ili uive kwa moto wa chini na wa juu, na moto wa gesi hauwezi kuwekwa juu ya mfuniko. Tena wali usiopaliwa hauna ukoko wa maana, na bila ya ukoko watoto, na hata wazee wengine ninaowajua, huona hawakula.

Jumapili ile kazi tuligawana kama kawaida. Mimi niliikalia mbuzi nikakuna nazi. Zamani ilidhaniwa kuwa mwanamume akikalia mbuzi ameshuka cheo. Mimi nimeikalia miaka mingi na sijaona cheo kilichopungua. Kaka alikuwa karibu na bomba, akiparuza magamba ya changu. Binti mkubwa wa dada alikuwa akimsuka mdogo wake twende kilioni, na kichwa cha yule mdogo kilivutwa huku na huku. Shangazi alikaa mkekani, miguu ameinyosha, ungo mapajani. Macho yake yameingiwa na mtoto wa jicho, lakini kazi ya kuchambua mchele hajamwachia mtu. Vidole vyake hujua lipi jiwe, ipi chuya na upi mchele, bila ya kuuliza macho.

Hapo ndipo mjukuu wangu wa miaka 8, ambaye simu aliyokuwa akichezea ilikuwa imeishiwa na umeme, alipokuja akitokea ukumbini na swali.

"Babu," akaniuliza, "kibao kile cha ukutani mbona kimewekwa juu vile? Hakuna mtu anayekifikia."

Kibao chenyewe ni ubao wa mninga uliopigiliwa ukutani ukumbini, juu kupita kimo cha mtu mzima. Sasa kinabeba kopo la misumari, taa ya chemli isiyo na kioo, na funguo ambazo hakuna ajuaye ni za kufuli gani. Nilimwambia kwamba hapo ndipo ilipokaa redio ya baba yangu, nayo iliwekwa juu ili watoto wasiichezee.

"Sasa redio iko wapi?"

Ndugu msomaji, swali lilikuwa jepesi, lakini jibu lake tulikuwa hatujawahi kulitoa kwa pamoja.

"Iliibwa," alisema dada.

"Haikuibwa," alisema kaka, bila ya kuinua macho kwenye samaki. "Mzee aliitoa."

Mimi nilinyamaza, nikaendelea kukuna nazi.

REDIO YA MWAKA WA BAYI

Kwa faida ya vijana wanaosoma ukurasa huu, yafaa nieleze redio ilikuwa kitu gani siku zile. Baba aliinunua mwaka 1974. Mwaka huo hatuusahau kwa sababu shangazi huuita "mwaka wa Bayi": ndio mwaka ambao Filbert Bayi, kijana wa Kitanzania, alivunja rekodi ya dunia ya mbio za mita 1,500 katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand. Habari hiyo baba aliisikia kwenye redio ya mtu mwingine, na shangazi husema kwamba hilo ndilo lililomchoma moyo akaanza kuweka akiba.

Umeme ulikuwa haujafika nyumbani kwetu. Redio ilikula betri kubwa sita. Televisheni ilikuwapo Zanzibar tangu mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilikuwa haijaanza. Ilianza miaka ya 1990. Kwa hiyo dunia nzima ilitujia kwa kile chombo cha juu ya kibao. Pwagu na Pwaguzi walituchekesha humo. Simba na Yanga walichezea humo, na watu waliobishana kutwa nzima juu ya goli hakuna hata mmoja wao aliyeliona. Mwaka 1978, Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin, ukumbi wetu ulijaa majirani mpaka barazani, na baba akatukataza watoto hata kukohoa.

Jumapili alasiri ndiyo iliyokuwa saa yake hasa. Utakumbuka, kama umri wako unaruhusu, kwamba kulikuwa na miaka ambapo magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili petroli iokolewe. Barabara zilikuwa kimya. Watoto tulicheza mpira mahali ambapo leo mtu hathubutu hata kusimama. Katika ukimya ule, redio ya nyumba moja ilisikika nyumba nne.

Betri zilipochoka zilianikwa juani, nazo zilipata nguvu za siku moja mbili. Kazi hiyo ya kuanika na kuanua betri ilikuwa yangu. Nalitaja jambo hili kwa sababu nitalirudia.

Kisha ikaja siku moja, tukarudi shuleni tukakuta kibao ki kitupu. Baba hakusema neno, wala mama. Siku zile mtoto hakumwuliza mzazi wake kwa nini.

KILA MTU NA YAKE

Turudi uani. Dada alishikilia kwamba redio iliibwa, na kwamba ilikuwapo mpaka mwaka 1984, kwa kuwa anakumbuka waziwazi taarifa ya kifo cha Waziri Mkuu Edward Sokoine. Nikamkumbusha kwamba siku ile, tarehe 12 Aprili 1984, taarifa hiyo tuliisikia tukiwa tumesimama dirishani kwa jirani, na mama akilia ameshika nondo za dirisha lile. Kama redio yetu ingalikuwapo, tungalikwenda kusimama dirishani kwa watu kutafuta nini? Dada akafikiri, akakubali. Kumbe redio ilikuwa imeondoka kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka 1983.

"Nilisema mimi," akasema kaka. "Aliwapelekea wale wa Mbagala."

Kina dada waliokuwa wakisukana wakanyamaza. Neno hilo tulikuwa tumelisikia utotoni, kwamba baba alikuwa na nyumba nyingine Mbagala. Kaka alikuwa na miaka 17 wakati ule, na vijana wenzake mtaani walimchokoza nalo. Ni hapo tu nilipoelewa mambo ambayo nilikuwa nimeyaona bila ya kuyajua sababu: kwa nini kaka aliondoka nyumbani mapema, kwa nini barua zake ziliandikwa kwa mama peke yake, na kwa nini baba alipougua, kaka alituma fedha kila mwezi bila ya kukosa, lakini mwenyewe alifika baada ya maziko.

Nami nikaona aibu kuendelea kunyamaza. Nikawaambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Wiki ile redio ilipotoweka, nilikuwa nimeanika betri nikaenda kucheza. Mvua ya vuli ikanyesha, betri zikalowa, nami kwa hofu nikazirudisha ndani ya redio zikiwa na maji. Redio ikakoroma, ikazimika. Kesho yake kibao kilikuwa kitupu. Nilikuwa na miaka 13, na tangu siku hiyo nilijua kwamba mimi ndiye niliyeiua redio ya baba, na kwamba kimya chake kilikuwa hukumu yangu.

Ebu tazama, ndugu msomaji. Watoto watatu wa baba mmoja na mama mmoja, waliokula sinia moja, kwa muda wa miaka 40 kila mmoja alikuwa na kumbukumbu yake aliyoifungia chumbani kwake. Mmoja aliwaza mwizi, mwingine aliwaza mwanamke, na mwingine alijilaumu mwenyewe.

MANENO YA SHANGAZI

Shangazi hakuacha kuchambua. Alitoa chuya, akaitupa, ndipo aliposema.

"Nyote mwasema msiyoyajua. Redio haikuibwa, haikugawiwa, wala haikuuawa na mvua. Iliuzwa, na aliyemshikia baba yenu taa usiku akiitelemsha ni mimi."

Ili uyaelewe maneno yake, kumbuka hali ilivyokuwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya kumwondoa Idi Amin vya 1978 na 1979 viligharimu taifa fedha nyingi, bei ya mafuta ilipanda duniani, na mvua hazikuwa za kutegemewa. Miaka ya mwanzo ya 1980 sukari, sabuni na mafuta ya kupikia vikawa adimu. Tulifua nguo kwa majani ya mpapai, na tulikula ule ugali wa mahindi ya njano tuliouita wa Yanga. Balozi wa nyumba kumi alipopita kutangaza kwamba duka la ushirika limepata sukari, watu waliamka usiku kwenda kupanga foleni.

Shangazi alieleza hivi. Mama alikuwa mwamkaji, tena mwaminifu. Majirani wenye watoto wachanga na wenye zamu za usiku viwandani walizoea kumpa fedha zao ili awapangie foleni. Siku ile alibeba fedha za nyumba saba, amezifunga katika pindo la kanga. Alifika saa kumi za alfajiri. Mlango ulipofunguliwa watu wakasukumana, naye akasukumwa pamoja nao. Aliposhika pindo ili atoe fedha, pindo halikuwapo. Lilikuwa limekatwa kwa wembe.

"Mama yenu alirudi hapa uani, akakaa pale penye kinu, hana sukari wala fedha," alisema shangazi. "Na mwaka wenyewe mwaujua. Ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Neno la sukari likikushika mwaka ule halikuachi. Nani angeamini kwamba fedha za nyumba saba zimepotea hivi hivi? Baba yenu aliporudi kazini nilimweleza mimi, maana mama yenu hakuweza kusema. Hakumwuliza mara mbili. Usiku aliitelemsha redio, akaipeleka kwa mtu Kariakoo. Kabla ya jua kuchomoza alikuwa amezungukia nyumba zote saba, akamrudishia kila mtu fedha yake, na kuwaambia sukari iliisha kabla zamu ya mama yenu haijafika. Hakuna jirani aliyejua mpaka leo."

"Na sisi je?" aliuliza kaka.

"Ninyi mlikuwa watoto. Mtoto akiambiwa siri ya nyumba huifikisha bombani. Baba yenu alisema watoto waniwazie mimi watakalo, lakini mama yao wasimwazie."

"Hata lile neno la Mbagala alilisikia?"

"Alilisikia. Alisema maneno ya mtaani yatachoka yenyewe."

Dada aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na kanga kuukuu. Tulipogawana vitu vya marehemu mama, kanga hiyo ilimwangukia yeye. Pembe yake moja ilikuwa na kiraka. Siku zote alidhani imetafunwa na panya, na kiraka alikitia kwa mkono wake mwenyewe. Aliiweka mikononi mwa shangazi. Shangazi akaipapasa mpaka akakifikia kiraka, kidole chake kikatulia pale.

"Ndiyo hii," alisema.

Nilimwuliza kwa nini ametuacha miaka yote hiyo bila ya kutuambia. Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno. "Niliahidi. Kisha baba yenu akafa, na mama yenu akafa, ahadi ikawa haina mwenyewe. Nikangoja mtu aulize. Hamkuuliza. Leo kauliza mtoto."

Kaka alinawa mikono, tena alinawa kwa muda mrefu kuliko samaki walivyohitaji. Kisha akaja akakaa mkekani karibu na shangazi, akauvuta ungo na kuanza kuchambua mchele. Alichambua vibaya, akitupa mchele mzima pamoja na chuya, mpaka shangazi akampiga kofi la mkono na kumwambia asimfilisi. Watoto wakacheka. Naye akacheka, akajipangusa uso kwa mkono wa shati.

Wali ulipoiva tulikaa kuzunguka sinia. Ukoko alipewa aliyeuliza swali.

MTU HAKUMBUKI PEKE YAKE

Mwanazuoni mmoja wa Kifaransa, Maurice Halbwachs, aliandika kitabu mwaka 1925 kueleza kwamba kumbukumbu si mali ya mtu mmoja mmoja kama tunavyodhani. Alisema kwamba tunakumbuka tukiwa ndani ya jamii zetu, na familia ni moja ya jamii hizo; wengine ndio wanaotupa vipande tusivyokuwa navyo. Mimi sikuwa na haja ya kwenda Ufaransa kulijua hilo, kwa kuwa nililiona uani. Dada alikuwa na kanga asiyojua maana yake, nami nilikuwa na tarehe. Kaka alikuwa na jeraha. Shangazi alikuwa na habari yenyewe, lakini hakuwa na mtu wa kumwuliza. Vipande vyote vilikuwa ndani ya nyumba moja, na vilikuwa havijakutana.

Kumbukumbu iliyofungiwa peke yake ni kama unga uliosahauliwa ndani ya debe. Mwenyewe hudhani unamngoja, kumbe umeingiwa na fukusi. Unga hutaka kutolewa, kuanikwa na kuchekechwa mbele ya wengine.

Labda utaniuliza, mbona hatukuzungumza mambo hayo siku za harusi au za msiba, tulipokuwa tumekutana wote? Nimelifikiri sana. Siku kubwa zina ratiba, zina wageni na wasemaji waliochaguliwa. Siku ya kawaida haina ratiba. Tena kuna jambo juu ya kazi ya mikono. Mtu anayechambua mchele au kuparuza samaki hakutazami usoni, nawe humtazami yeye. Macho yako kwenye kazi, na ulimi hupata uhuru. Nadhani kaka asingeweza kulitamka lile neno la Mbagala kama tungalikaa kwenye viti tumetazamana.

TUFANYE NINI?

Ndugu msomaji, sisemi kwamba kila nyumba ina siri njema iliyofichwa. Ziko nyumba ambazo yaliyofichwa ni machungu, na mzee asiyetaka kusema asilazimishwe. Lakini yako mambo machache ambayo kila familia ya mfanyakazi inaweza kuyafanya, nayo hayahitaji mshahara kuongezwa.

Kwanza, tuchague siku moja ya kula pamoja, iwe ya kila wiki au ya kila mwezi, na siku hiyo kila mtu apewe kazi, baba na watoto wa kiume wakiwamo. Mtu aliyeketi akingoja kuletewa sahani hana nafasi katika mazungumzo ya uani.

Pili, mtoto akiuliza, ajibiwe. Sisi tulilelewa kutouliza, na yapo mema tuliyoyapata katika malezi yale. Lakini umeona hasara yake pia.

Tatu, tunapohitilafiana juu ya jambo la zamani, tusishindane kwa sauti. Tutafute tukio lililojulikana na wote, kama mwaka wa Bayi au siku aliyofariki Sokoine, tulitumie kama kigingi cha kufungia kamba.

Nne, picha za zamani ziandikwe nyuma majina na mwaka, wakati wangali hai wanaoyajua. Na hizi simu za mkononi, ambazo sisi wazee twazilaumu kutwa, zinaweza kurekodi sauti ya bibi akisimulia. Zitumike. Ila simu haiwezi kuuliza swali kwa niaba yako. Swali lazima liulizwe na mtu aliyeketi karibu.

Jioni ile sikutazama saa. Giza lilipoingia tulikuwa bado barazani, na shangazi alikuwa akizitaja zile nyumba saba moja baada ya moja, nani alikaa wapi, nani alihamia wapi, na nani alikuwa na mtoto mchanga. Kaka alimwomba azirudie, akaziandika kwenye daftari la shule la mtoto. Kabla ya kuaga, alipanda juu ya kigoda, akakishusha kopo la misumari na zile funguo, akakifuta kile kibao kwa kitambaa chenye maji. Hakuweka kitu juu yake. Alisema tuviache vitu vingine mahali pengine, ili mtoto mwingine akipita ukumbini akione kitupu, na aulize.

Basi, ndugu msomaji, likunje gazeti hili. Kama umesikia ungo ukipepetwa huko nyuma, au mbuzi ikikwaruza kifuu cha nazi, ondoka barazani uende uani. Vuta kigoda, uombe upewe kazi.